Kabla hujabishana kuhusu mgombea urais: namna ya kupima ahadi za ushuru na nakisi nchini Kenya

Uchaguzi ujao wa urais Kenya ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na ubishi umeshaanza kwenye matatu, kwa vinyozi na katika makundi ya WhatsApp. Huyu atapunguza ushuru. Yule atawaongezea wazee pesa za kila mwezi. Wa tatu atamaliza deni la taifa. Ubishi wa aina hii huishia kwenye kabila na matusi kwa sababu hakuna aliyekuja na hesabu, au kila mmoja amekuja na hesabu ya mwaka wake. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuchukua ahadi moja, kuigeuza kuwa shilingi kwa mwaka, kisha kuona itakaa wapi ndani ya bajeti. Unahitaji kalamu, kikokotoo cha simu na saa moja hivi.

Kila kitu kinasimama juu ya mlinganyo mmoja: matumizi ni sawa na mapato, kuongeza misaada, kuongeza mikopo mipya. Hiyo mikopo mipya ndiyo nakisi. Mgombea akiahidi kuongeza matumizi au kupunguza ushuru, ni lazima kitu kingine katika mlinganyo huo kisogee. Asipokitaja, wewe kitafute.

Tarakimu sita za kubeba mfukoni

Chukua bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26, ilivyosomwa Juni 2025:

- Matumizi yote: shilingi trilioni 4.29
- Mapato yote: trilioni 3.32, ambamo trilioni 2.75 ni mapato ya kawaida (ushuru wa mapato, VAT yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na wa bidhaa), na zinazobaki ni ada na tozo ambazo wizara na mashirika hukusanya na kuzitumia
- Misaada: bilioni 47
- Nakisi: bilioni 923, yaani asilimia 4.8 ya pato la taifa
- Riba ya deni: takriban trilioni 1.1
- Mgao wa kaunti: bilioni 415

Hakikisha zinajumlika kabla ya kuzitumia: 4,292 ukiondoa 3,322 na 47 inabaki 923. Tarakimu za mtu zisipofunga hivi, amechanganya nyaraka mbili. Ukigawa 923 kwa 0.048 unapata pato la taifa ambalo Hazina ya Kitaifa, yaani wizara ya fedha, ilitumia, karibu trilioni 19.2. Iandike pembeni, utaihitaji mara nyingi.

Mwaka wa fedha Kenya huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa hiyo utakapobishana 2027 badilisha tarakimu zote sita kwa za mwaka mpya, zote kwa pamoja. Kuchanganya mapato ya mwaka mmoja na nakisi ya mwaka mwingine ndilo kosa linaloharibu mijadala mingi zaidi, na halionekani kwa sababu kila tarakimu peke yake ni ya kweli.

Nyaraka zenyewe ziko wazi kwenye tovuti za Hazina ya Kitaifa na Bunge. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kabla ya tarehe 15 Februari. Makadirio ya matumizi hufika angalau miezi miwili kabla ya mwaka kuisha, yaani kufikia 30 Aprili. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuhusu pesa zilizotoka kweli, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita baada ya mwaka kuisha kutoa ya kwake. Kama una muda wa kusoma waraka mmoja tu, soma uchambuzi wa Ofisi ya Bajeti ya Bunge. Ni mfupi, na wanaouandika hawana ahadi ya kutetea.

Geuza ahadi kuwa shilingi kwa mwaka

Ahadi yoyote ya matumizi ina sehemu tatu: watu wangapi, kila mmoja shilingi ngapi, mara ngapi kwa mwaka. Katika kampeni za 2022 muungano wa Azimio wa Raila Odinga uliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni 2 zenye uhitaji. Hesabu yake: 6,000 mara 12 ni 72,000, mara milioni 2 ni bilioni 144 kwa mwaka. Upande wa Kenya Kwanza wa William Ruto uliahidi hazina ya mikopo ya bilioni 50 kila mwaka kwa wafanyabiashara wadogo. Hiyo ilikuja ikiwa imeshahesabiwa.

Sasa weka bilioni 144 kando ya zile tarakimu sita. Ni zaidi ya theluthi moja ya mgao wa kaunti zote 47. Ikikopwa yote, nakisi inapanda kutoka 923 hadi 1,067, yaani kutoka asilimia 4.8 hadi 5.6 ya pato la taifa. Hapo mjadala umepata kitu cha kushika. Anayeiunga mkono anaweza kusema familia milioni 2 zinastahili gharama hiyo, na hiyo ni hoja halali kabisa. Asichoweza kusema tena ni kwamba haina gharama.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. La kwanza ni muda: "trilioni moja kwa kilimo" inaweza kuwa ya miaka mitano, yaani bilioni 200 kwa mwaka. Muulize mwenzako bila kumkejeli, "Ndugu, hiyo ni ya mwaka mmoja au ya muhula mzima?" La pili ni kuhesabu upya pesa zilizoko. Wazee tayari wanapokea malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye uhitaji, kwa hiyo gharama mpya ni nyongeza peke yake. Kosa la tatu ni kukopesha na kugawa kuhesabiwa sawa. Mkopo unaorudi ni nusu ya habari; gharama yake kamili ni sehemu isiyolipwa, pamoja na riba ambayo serikali yenyewe inalipa kuzipata pesa hizo.

Ahadi za kupunguza ushuru

Kwa VAT hesabu ya haraka ni kugawa makusanyo ya mwaka kwa 16. Tuseme VAT inaleta bilioni 640. Kila alama moja ya asilimia ni bilioni 40, na kushuka kutoka 16 hadi 14 kunagharimu bilioni 80 hivi. Weka makusanyo ya mwaka wako, njia ni ileile. Kenya iliwahi kufanya hivyo: Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ilishushwa hadi asilimia 14, na kiwango cha juu cha ushuru wa mshahara na cha kampuni vikatoka 30 hadi 25. Tarehe 1 Januari 2021 vyote vikarudi vilikokuwa. Anayeahidi kurudia hilo aseme pia nini kitafanya safari hii lidumu zaidi ya miezi tisa.

Jihadhari na neno "asilimia". VAT ya mafuta ilipotoka 8 hadi 16 Julai 2023, iliongezeka kwa alama 8 za asilimia, lakini ushuru wenyewe uliongezeka kwa asilimia 100. Wote wawili wanaobishana wanaweza kuwa sahihi na bado wasielewane usiku kucha.

Penye tofauti kubwa zaidi, na ambapo watu huchezwa shere mara kwa mara, ni kati ya bidhaa inayotozwa asilimia sufuri na bidhaa iliyosamehewa VAT. Kwa mnunuzi dukani zinafanana: hakuna VAT kwenye risiti. Kwa mtengenezaji ni mbingu na ardhi. Chukua mkate mmoja. Tuseme karatasi ya kufungia, umeme na vipuri vya mashine vinamgharimu mwokaji shilingi 15 kwa kila mkate kabla ya ushuru, na juu yake analipa VAT ya shilingi 2.40. Mkate ukiwa kwenye orodha ya sufuri, anaidai KRA, mamlaka ya ushuru, imrudishie hizo 2.40. Ukihamishiwa orodha ya msamaha, hawezi kuzidai, na zinaingia kwenye bei. Mwanasiasa atasimama jukwaani aseme "mkate hauna VAT," na atakuwa anasema kweli, huku bei imepanda. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikwenda mbali zaidi: ulitaka mkate utozwe asilimia 16 kamili. Mkate wa shilingi 60 ungeongezeka shilingi 9.60.

Kwa hiyo mgombea akisema ataondoa VAT kwenye unga, gesi au pedi, swali ni moja: itakwenda sufuri au msamaha?

Hati ya mshahara: soma kila mstari peke yake

Wafanyakazi wengi hubishana kuhusu "makato" kama kitu kimoja. Hebu tuvunje mshahara wa shilingi 50,000 kwa viwango vilivyotumika 2025.

NSSF, akiba ya uzeeni, ni asilimia 6, shilingi 3,000. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, shilingi 1,375. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, shilingi 750. Jumla 5,125, na tangu mwisho wa Desemba 2024 zote tatu huondolewa kabla ya kukokotoa PAYE, yaani ushuru wa mshahara. Unabaki na 44,875 za kutozwa ushuru. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400. Zinazofuata 8,333 kwa asilimia 25 ni 2,083. Zilizobaki 12,542 kwa asilimia 30 ni 3,763. Jumla 8,246, toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE inakuwa 5,846. Mfanyakazi anaenda nyumbani na shilingi 39,029 hivi.

Sasa angalia kila mstari unaongozwa na nini. PAYE iko katika Sheria ya Ushuru wa Mapato, na hubadilishwa kwa Sheria ya Fedha. Tozo ya nyumba iko katika Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. SHIF inatokana na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 na kanuni zake. NSSF ina sheria yake ya 2013, na makato yake ni akiba ya mfanyakazi, hayaingii kuziba nakisi. Anayeahidi "kurudisha hati ya mshahara ilivyokuwa 2022" anaahidi kugusa sheria nne, na aseme pia nani atalipa hospitali na wajenzi wa nyumba ambao mikataba yao inaendelea. Na mwajiri asisahaulike: yeye pia analipa 750 nyingine za nyumba na 3,000 za NSSF kwa mfanyakazi huyohuyo.

Upande wa pili wa ahadi hii ni "watozeni matajiri zaidi". Tangu 2023 mshahara unaozidi 500,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 32.5, na unaozidi 800,000 asilimia 35, na ni kwa ile sehemu iliyozidi tu. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani kuvuka mstari kunapandisha ushuru wa mshahara wote. Kiwango cha juu kikipandishwa kutoka 35 hadi 40, anayetozwa ushuru kwenye shilingi 900,000 atalipa asilimia 5 zaidi kwenye laki moja iliyozidi: 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Kupata bilioni 10 kwa njia hiyo unahitaji watu kama hao karibu 167,000. Wenye mishahara mikubwa zaidi watapunguza idadi hiyo, lakini ni juu ya mgombea kuonyesha wako wangapi. Pengine kuwatoza zaidi ni haki hata kama pesa ni kidogo. Basi itetewe kama haki, isiuzwe kama dawa ya nakisi.

Nakisi, deni na riba si kitu kimoja

Nakisi ni ya mwaka mmoja. Deni ni jumla ya yote yaliyokopwa na bado hayajalipwa, takriban trilioni 11.8 mwishoni mwa Juni 2025, zaidi ya nusu yake likiwa la ndani: hatifungani na bili za Hazina (hati za mkopo wa muda mrefu na mfupi) zinazoshikiliwa na benki, mifuko ya pensheni na watu binafsi. Nakisi ikipungua, deni bado linakua, ila kwa mwendo mdogo. "Serikali hii imepunguza nakisi" na "serikali hii imeongeza deni" ni sentensi zinazoweza kuwa kweli kwa siku moja.

Kuna hesabu ndogo inayofungua macho kuliko zote. Toa riba kwenye nakisi: 923 ukiondoa 1,100 ni hasi 177. Maana yake, kama Kenya isingelipa riba ya deni la zamani, bajeti ya 2025/26 ingekuwa na ziada ya bilioni 177 hivi. Mapato yanatosha matumizi mengine yote. Kinachokopwa kinalingana na sehemu kubwa ya riba. Mgombea anayesema ataziba nakisi kwa kubana safari za nje na chai za ofisini anazungumzia mlango mdogo wa nyumba kubwa.

Usichanganye riba na malipo ya mtaji. Hatifungani ikiiva, serikali kwa kawaida hukopa upya kuilipa, na hilo haliingii kwenye nakisi. Ndiyo maana tarakimu ya "kulipa deni" inayotangazwa huwa kubwa kuliko riba kwa mbali sana. Lakini kukopa upya kuna bei yake. Eurobondi (hatifungani inayouzwa nje kwa dola) ya dola bilioni 2 ya 2014 ilikuwa iive Juni 2024. Februari mwaka huo Kenya ilitoa nyingine ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya zamani, kwa riba ya asilimia 9.75. Deni halikuongezeka sana, gharama yake iliongezeka.

Shilingi nayo hudanganya. Mapema 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 129. Kila dola bilioni moja ya deni ikashuka kutoka bilioni 160 hadi 129 bila mtu kulipa hata senti. Mtu akikuonyesha deni la nje "lililopungua" au "lililopaa", uliza kwanza limehesabiwa kwa dola au kwa shilingi.

Kisha kuna madeni yasiyoonekana kwenye nakisi hata kidogo. Bili za wakandarasi ambazo hazijalipwa ni mkopo kutoka kwa mkandarasi, hata kama hakukubali kukopesha. Mwaka 2025 serikali ilichukua shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya barabara katika kila lita ya mafuta, ikazitumia kupata bilioni 175 taslimu za kulipa bili kama hizo. Wakandarasi walilipwa, na hilo ni jema. Lakini shilingi hizo 7 za miaka ijayo zimeshawekwa rehani, na rais ajaye hatakuwa nazo za kupangia. Mgombea anayejivunia nakisi ndogo aulizwe pia bili zilizorundikana.

Majibu manne utakayopewa, na uzito wa kila moja

*"Tutamaliza ufisadi."* Januari 2021 Rais Uhuru Kenyatta alisema nchi inapoteza takriban bilioni 2 kila siku kwa wizi. Kwa mwaka hiyo ni bilioni 730, ambayo ni chini ya nakisi ya 2025/26. Wizi unaua watu hospitalini na haufai kuvumiliwa hata kama bajeti ingekuwa na ziada. Lakini hakuna mstari wa bajeti ulioandikwa "wizi" wa kufutwa. Pesa huibwa ndani ya mistari halali: dawa, barabara, mishahara hewa. Jibu lenye uzito hutaja mstari, mbinu na sheria. Lisipotaja, liandikie sufuri katika hesabu yako, hata kama mgombea unamwamini.

*"Tutapanua wigo wa ushuru."* Biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo. Tuseme wafanyabiashara wapya milioni moja wasajiliwe, kila mmoja akiwa na mauzo ya milioni 1.5, na wote walipe bila kukosa. Kila mmoja atalipa 45,000, jumla bilioni 45. Ni pesa, lakini ni chini ya asilimia 5 ya nakisi. Kumbuka pia ni ushuru wa mauzo, si wa faida: muuza sukari anayebaki na asilimia 5 atampa KRA zaidi ya nusu ya faida yake. Ndiyo sababu wengi hukimbia.

*"Uchumi utakua."* Gawa mapato ya kawaida kwa pato la taifa: 2.75 kwa 19.2 ni asilimia 14 na kidogo. Kwa hiyo kila bilioni 100 za ukuaji huleta takriban bilioni 14 za ushuru. Ile ahadi ya bilioni 144 ingehitaji pato la taifa kuongezeka kwa trilioni moja juu ya ukuaji ambao Hazina imeshauhesabu. Neno la muhimu ni "juu ya". Ukuaji wa kawaida umeshatumika kwenye makadirio, hauwezi kutumika mara mbili.

*"Tutauza mashirika."* Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, ikapata takriban bilioni 50. Ziliingia mara moja. Ahadi ya kila mwaka hailipwi kwa pesa za mara moja, na hisa ikishauzwa, gawio lake limekwenda nalo.

Nani anaweza kupunguza nini

Mgombea akisema atakata matumizi, mwonyeshe zisizokatika kirahisi. Kutoka mapato ya kawaida ya bilioni 2,750, toa riba 1,100: zinabaki 1,650. Toa kaunti 415: 1,235. Toa Tume ya Kuajiri Walimu, takriban 388: zinabaki karibu 850, na bado hujafika kwa polisi, jeshi, pensheni, Bunge, hospitali wala capitation ya shule, yaani pesa za serikali kwa kila mwanafunzi. Riba na pensheni hutoka moja kwa moja kwenye Hazina Kuu, mfuko mkuu wa serikali, bila kungoja kura ya kila mwaka, na Katiba inazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Kinachobaki mkononi mwa rais mpya ni kidogo kuliko hotuba zinavyodokeza.

Na rais hatozi wala hafuti ushuru peke yake. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema ushuru hauwezi kuwekwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Juni 2024, baada ya waandamanaji kuingia Bunge tarehe 25, Rais Ruto alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha uliokusudiwa kuleta bilioni 346 hivi. Ushuru haukuja, lakini matumizi mengi yalibaki. Nakisi ya 2024/25 iliyokuwa imepangwa kuwa asilimia 3.3 ikaishia zaidi ya 5, na baadhi ya tozo zikarudi Desemba kupitia sheria nyingine. Ukiwa unamuunga mkono aliyepinga mswada ule, na sababu nzuri zilikuwepo, jitayarishe kwa swali linalofuata: mstari upi wa matumizi ungekatwa badala yake?

Ndiyo maana ni lazima pia kutenganisha makadirio na matokeo. Bajeti ya Juni ni mpango. Bajeti za ziada huibadilisha, wakati mwingine mara mbili au tatu kwa mwaka, na Kifungu cha 223 kinaruhusu serikali kutumia kwanza na kuomba idhini ndani ya miezi miwili, mradi isizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo. Ukimpima mgombea aliyewahi kushika wadhifa, tumia matokeo kutoka ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Ukimpima mgeni, tumia makadirio, kwa sababu matokeo hana.

Namna ya kuendesha mjadala wenyewe

Kwenye kundi la WhatsApp au barazani, kubalianeni mambo mawili kabla ya kuanza: mwaka wa fedha na waraka mtakaoutumia. Halafu ahadi moja kwa wakati mmoja. Kwenye karatasi andika: gharama kwa mwaka, itatoka wapi (ushuru upi, mstari upi utakatwa, au mkopo), sheria ipi ibadilishwe, na lini. Jaza kwa mgombea wako kwanza, mbele ya wengine. Hilo hupunguza joto kuliko ombi lolote la kutulia, kwa sababu kila mtu anaona mizani ni ileile.

Akija mzee au mama anayesema, "Mimi najua bei ya unga, hayo ya asilimia ni yenu," usimkatize. Muulize bei ilikuwa ngapi na lini, kisha tafuteni pamoja ni sehemu gani ya bei hiyo ni ushuru. Mara nyingi jibu litakuwa mafuta ya usafirishaji, na hapo mmeingia kwenye tozo ya barabara na VAT ya mafuta bila mtu kudharauliwa. Picha za skrini zisizo na chanzo zikitumwa, mtumaji aombwe jina la waraka na ukurasa. Asipokuwa nazo, tarakimu ikae nje hadi zipatikane.

Safu ya "lini" ndiyo inayosahaulika zaidi. Atakayeshinda Agosti 2027 atakuta bajeti ya 2027/28 imepitishwa na Bunge linaloondoka na imeanza kutumika tangu 1 Julai. Mwaka 2022 Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba, na Sheria ya Fedha ya kwanza ya serikali yake ilianza kutumika Julai 2023. Alichoweza kubadilisha mara moja ni ruzuku: siku moja baada ya kuapishwa, ruzuku ya petroli iliondolewa na lita moja Nairobi ikatoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Kwa hiyo ahadi ya ruzuku kwa "siku 100 za kwanza" inawezekana kwa bajeti ya ziada. Ahadi ya viwango vya ushuru ndani ya siku hizo inahitaji mswada wa kipekee na wabunge wa kuupitisha. Bila hayo, iandikie Julai 2028.